Maktaba ya kulipia Mtwara mjini: vitabu vya isimu vipo, ufunguo haupo

Sikuwa na mpango wa kuandika ila hasira haijanitoka bado. Nasoma isimu, yaani elimu ya lugha, mwaka wa pili, na nakusanya data za Kimakonde cha kwetu Newala, nikasikia kuna maktaba hapa mjini ina vitabu vya lugha za Kibantu. Ni kweli vipo, hilo siwanyimi. Vipo kwenye kabati la kioo lina kufuli, unainamisha shingo unasoma majina yote ubavuni, na kimoja cha fonolojia, yaani mfumo wa sauti za lugha, nilikuwa nakitafuta siku nyingi sana, kipo pale pale, hakishikiki.

Mama wa kaunta nikamwamkia, shikamoo mama, akatikisa kichwa tu macho kwenye simu. Naomba unifungulie kabati. Ufunguo anao bosi, bosi kasafiri. Anarudi lini? "Mi ntajuaje." Halafu ndo akaniuliza nasomea nini, nikamwambia, akasema kwa sauti watu wote wanasikia, "Kimakonde si mnakiongea kwenu huko, cha kusomea nini? Wenzio wanasoma uhasibu." Na hela ya kuingia alishapokea!

Jamani, Kimakonde kina toni, yaani sauti kupanda na kushuka kwenye maneno, kina silabi ya pili kutoka mwisho inayorefuka, vitu ambavyo umezaliwa navyo mdomoni lakini ukiambiwa uvieleze unakwama mpaka usome. Peter Kraal alipata udaktari Leiden, Uholanzi, mwaka 2005 kwa sarufi ya Kimakonde cha huku huku Tanzania, lahaja ya Chinnima, na toni kaichambua kwa kirefu. David Odden wa Marekani katoa kitabu kizima cha Kimatumbi cha kule Kilwa mwaka 1996. Watu wametoka huko kote kuja kutusoma, sisi wenyewe tunafungiwa kufuli na kuulizwa cha kusomea nini? Iliniuma sana ile kauli, bado inaniuma.

Nilishasema moyoni nyota moja na wasipate zaidi. Lakini kuna kijana pale wa upande wa kompyuta, alisikia yote, akaniita pembeni, "dada njoo," akanifungulia tasnifu ya Kraal yenyewe kwenye mtandao wa chuo cha Leiden, bure, nikaishusha yote kwenye flashi. Akaniwekea na Praat, programu ya bure ya kuchambua sauti, ya kutoka Amsterdam, nikaingiza sauti ya bibi niliyemrekodi, nikaona mstari wa kidatu, yaani wa sauti kuwa juu au chini, unapanda na kushuka kwenye skrini neno kwa neno. Nilitetemeka kwa furaha kwa kweli! Na intaneti yao haikati.

Kwa hiyo nyota tatu, zote za yule kijana. Hapana, mbili, maana nikikumbuka ile "wenzio wanasoma uhasibu" damu inachemka. Uongozi kama mnapita hapa, ufunguo wa kabati mpeni yeye, narudi kubadilisha siku hiyo hiyo.