Bobcat kuukuu, pleti inayocheza, na mafundi wa Ipogolo

Naandika nikiwa uwanjani kwangu hapa Mafinga, na Bobcat, kimashine changu cha kubebea mizigo, naisikia inanguruma nyuma ya banda la mbao. Injini tu. Ile ngo-ngo-ngo ya foku, zile pembe mbili za kunyanyulia mzigo, kugonga pleti haipo tena tangu Aprili, na mwenye mashine ya namna hii atanielewa kwa nini nimeamua kuandika.

Mashine yenyewe ni Bobcat 743 ya miaka ya 1980, injini ya Kubota. Tuliinunua imeshatumika, na saa ilizofanya kazi hakuna anayezijua maana mita yake iliganda kabla haijafika kwetu. Asubuhi inavaa foku inapanga mbao, jioni inavaa baketi inasomba maranda. Huko kuvua na kuvaa kila siku ndiko kulikoimaliza.

Kwa asiyeijua: kwenye ncha za mikono ya mashine kuna pleti yenye leva mbili. Unaingiza ukingo wa juu wa pleti chini ya mdomo wa kifaa, unakinyanyua kidogo, halafu unabana leva. Kabari mbili zinashuka, zinapenya kwenye matundu ya chini ya kifaa na kukivuta kikae. Bobcat walianza kuutoa mfumo huu mwaka 1970, wenzao wakaufuata, ndiyo maana foku zangu si za Bobcat lakini zinaingia bila ubishi. Ukiwa mzima, mtu mmoja anabadilisha kifaa kwa dakika moja. Ukichakaa, unaendesha mashine yenye meno ya kutikisika.

Yetu ilifika mahali mtu mmoja akishika ncha ya foku kwa mkono anaipandisha na kuishusha sentimita 6. Nilipima kwa tepu. Opereta wangu alishazoea, anainamisha foku kupita kiasi ili zikiinuka zijiweke sawa, na mimi nikajifanya sioni. Hadi siku ya bando la mbao za mbili kwa sita. Kabari ya kushoto ikachomoka, foku zikabaki zinaning'inia upande mmoja, mbao zikamwagika mbele ya tairi. Hakuumia mtu. Kijana wa kupanga alikuwa amekwenda kunywa chai, na mpaka leo sijawahi kumkatalia chai ya saa nne.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshatapeliwa na tamaa yangu ya bei rahisi. Fundi mmoja wa karibu alichomelea washa, vile vipete bapa vya chuma, kwenye kabari ili zinenepe. Zilidumu siku tisa. Mwingine alikuja na suluhisho la kudumu: "Mama, tuchomelee foku kwenye pleti moja kwa moja, hazitacheza mpaka kiama." Kweli zisingecheza. Na baketi ningelibeba kichwani? Nikaulizia pleti mpya Dar, nikatajiwa zaidi ya milioni nne na kusubiri meli juu yake.

Ipogolo nilielekezwa na dereva wa lori anayepakia mbao kwangu. Ni bondeni pale kabla hujapanda kuingia Iringa mjini, ambako malori ya njia ya Tunduma husimama. Karakana haina bango. Iko mtaa wa pili kutoka barabara kuu, geti la bati lililopakwa bluu zamani. Tuliipakia Bobcat kwenye Fuso, maana uzito wake ni tani mbili na kitu hivi, kwa 250,000 kwenda na kurudi. Kwenye simu mzee mwenye karakana alinisisitizia jambo moja: nije na kila kinachovaliwa na hiyo mashine, baketi na foku, nisiache kitu. Nilidhani anatafuta kazi ya ziada. Nilimkosea.

"Kamwene," akanisalimu, nikaitika, na kwa karibu nusu saa hakugusa chombo chochote zaidi ya mtaimbo. Alimwambia opereta anyanyue foku kidogo tu kutoka chini, mikono iegemezwe kwenye magogo, injini izimwe. Akaingiza mtaimbo chini ya foku, kijana wake akawa anaukandamiza na kuuachia polepole. Yeye amechuchumaa na tochi. Kisha akaniita: "Mama, njoo uone pesa yako inapopotelea. Weka kidole hapa."

Nikaweka kidole gumba pale pini inapoingia kwenye bushi, kile kibomba kifupi inamozunguka, mkono wa kushoto wa mashine. Kijana akikandamiza, chuma kinapanda chini ya kidole changu. Akiachia, kinarudi. Nikahamishiwa mkono wa kulia: kimya, labda unywele. Halafu kwenye ukingo wa juu wa pleti, nao umelika hadi umekuwa mviringo kama kipande cha sabuni kilichoachwa bafuni. Halafu kwenye kabari, ncha zimekwisha na springi zimelegea. Mwisho kwenye fremu ya foku zenyewe, matundu ya chini yamevutika kuwa marefu. Hapo ndipo nilipomwelewa kwenye simu. Sehemu nne zinacheza, na moja haikuwa ya mashine kabisa. Ningenunua pleti ya milioni nne, foku zingeendelea kugonga.

Alinipa na hesabu. Foku zina urefu wa mita 1.2, pleti haifiki nusu mita kwenda juu, kwa hiyo kila milimita inayopotea kwenye pleti inazaa karibu tatu kule nchani. Zijumlishe sehemu zote nne, sentimita 6 haishangazi tena.

Na kwa nini kushoto tu? Akachomoa nipo ya grisi, kale kachuchu ka kupitishia grisi, akaigonga kwenye kiganja, kikatoka kidonge cheusi cha maranda na grisi kavu, kigumu kama kokwa la parachichi. Opereta alikuwa anapiga grisi kweli kila Jumatatu, na mimi nilikuwa nikimwona. Grisi ilikuwa inajikunja pembeni ya nipo na kudondoka chini. Ndani haikuingia muda mrefu sana, huenda tangu mashine ije. Opereta aliangalia viatu vyake.

Kazi yenyewe sitaisimulia yote, ila mambo mawili matatu nimeyaweka akilini. Pini alizikereza kutoka kwenye shafti ya ekseli ya lori. Nilitilia shaka, maana ni chakavu, akanijibu kwamba chuma cha ekseli ni kigumu, na bushi lazima iwe laini kuliko pini ili itangulie kufa yenyewe. Bushi ni ya kubadilisha, pini ni ya kukaa. Tundu la mkono wa kushoto lilikuwa limeshakuwa yai. Hakulijaza kwa kuchomelea kisha kulitoboa kwa macho, kama nilivyoona kwingine. Alikata nyumba yote ya bushi, akakereza mpya, akapitisha shafti moja ndefu iliyonyooka kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia ili matundu yatazamane. Ndipo akaanza kushikiza: nukta huku, nukta upande wa pili, anangoja, anaizungusha ile shafti kwa mkono. Ikikaza kidogo tu anasimama. Ilichukua mchana mzima na kwa mtazamaji inachosha kuliko misa ya Pasaka.

Kabla ya cheche ya kwanza alichomoa waya za betri, na klampu ya ethi, ule waya wa kurudishia umeme kwenye mashine ya kuchomelea, akaibana sentimita chache tu kutoka anapochomelea, ili umeme usipite kwenye pini na silinda za haidroliki. Rodi zake za kuchomelea ni aina ya 7018, anazitunza ndani ya friji bovu lenye balbu inayowaka usiku na mchana zisile unyevu. Ilikuwa Aprili, mvua haikatiki, na friji hilo ndilo lililonifanya niache kumsimamia.

Ukingo wa juu wa pleti aliujenga mstari juu ya mstari, akasaga kwa grainda, akajaribu foku, akasaga tena, akajaribu baketi. Ukijaza sana kifaa kimoja kitakaa na kingine kitagoma, ndiyo sababu alitaka vyote viwepo. Mdomo wa baketi langu umepinda, akaniambia mapema kwamba litabaki linacheza kidogo mpaka siku nitakayolileta kwa kazi yake lenyewe. Na kweli linacheza kidogo.

Nililipa 1,150,000. Pini, bushi na zile nyumba 480,000, pleti 350,000, kabari na springi 170,000, matundu ya foku 150,000. Ongeza Fuso. Si kidogo kwa uwanja kama wangu, lakini niliona kila shilingi ilikoingia.

Sasa malalamiko, maana yapo. Niliahidiwa siku tatu zikawa tano. Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi, hilo siwalaumu. Siku nyingine kijana wa grainda alitoka kula mchana hakurudi. Ulikuwa msimu wa ulanzi, sikuuliza. Nililala kwa dada yangu Kihesa huku mbao zikinisubiri Mafinga. Risiti niliidai mara tatu ndipo ikatoka. Kubwa zaidi, nipo mpya ya kushoto waliiweka mahali ambapo pleti ikiinama inaifunika, pampu ya grisi haifiki. Baada ya nipo kutuletea balaa lote lile! Niligundua nimeshafika nyumbani. Mzee hakubishana, alimtuma kijana na basi la kesho yake akaihamisha kwa gharama yao. Hata nauli sikudaiwa. Chakula nilimpa mwenyewe.

Leo ni Oktoba. Asubuhi hii nimeshika ncha ya foku nikaipandisha: haifiki sentimita moja na nusu, na siku tuliyoitoa karakana ilikuwa chini ya moja. Grisi sasa inapigwa kila siku kabla injini haijawashwa, na opereta anatakiwa aione ikitokeza pembeni ya bushi ndipo aache. Amepata lalamiko jipya, kwamba leva zimekuwa ngumu, lazima aegemeze uzito kuzibana. Nikamwambia siku zitakapokuwa laini aje aniambie mbio.

Ukienda, fika mapema kabla malori hayajajaa uwanja, usiende Ijumaa mchana, na umtake mzee apime mbele yako kwa mtaimbo na kidole kabla hamjaongea bei. Chukua na pampu yako ya grisi. Ya kwao inavuja.