Wiki tatu na nyaraka za Reginald Marsh: uzoefu wangu

Kwa wiki tatu nimekuwa nikisoma mtandaoni nyaraka binafsi za mchoraji Reginald Marsh, zinazohifadhiwa na Archives of American Art, taasisi iliyo chini ya Smithsonian nchini Marekani. Sehemu kubwa ya mkusanyo huo imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na sikudaiwa ada yoyote.

Marsh, aliyezaliwa Paris mwaka 1898 na kufariki mwaka 1954, aliichora New York ya watu wa kawaida: abiria wa treni, wanaume wasio na kazi wa mtaa wa Bowery, umati wa ufukweni Coney Island. Kabla ya hapo alikuwa mchoraji wa magazeti, kwanza Daily News mwaka 1922, kisha The New Yorker tangu lilipoanzishwa mwaka 1925. Mimi huchora vielelezo vya vitabu vya shule, na nilitaka kujua kazi ile ya haraka iliuachia nini mkono wake.

Jibu nililipata katika daftari zake za michoro, ambazo ndizo hazina halisi ya mkusanyo huu. Humo mtu huonekana kwa mistari michache tu, iliyochorwa upesi kabla hajaondoka, na ndipo nilipoelewa kwa nini Marsh aliipenda mno rangi inayochanganywa na kiini cha yai, aliyoelekezwa na mchoraji mwenzake Thomas Hart Benton: hukauka haraka, na hivyo humruhusu mchoraji kuendelea kuchora kwa mstari hata anapopaka rangi. Nilirudi kuutazama mchoro wake wa mwaka 1930 wa abiria wa treni, ulioko Whitney, jumba la makumbusho ya sanaa la New York, nikauona upya kabisa, kwa kuwa sasa niliona kalamu chini ya brashi.

Shajara ni fupi fupi na hazisimulii mengi ya moyoni, lakini zinaonyesha mtu aliyeiheshimu kazi yake kila siku, na jambo hilo limenigusa kuliko barua. Barua zenyewe zinahitaji subira, kwa sababu zimeandikwa kwa mkono na hakuna njia ya kuzipitia upesi.

Kwa atakayependa kuzisoma, ninashauri aanze na mwongozo wa mkusanyo, unaoeleza kila jalada lina nini, na afungue daftari za michoro kwenye kompyuta. Kwenye simu mistari ya penseli iliyofifia haikuonekana kabisa.