Wamenitupia poti za besi la mzee wangu

Naandika hii na bado nina hasira, japo ni mambo ya masika ya mwaka juzi, au ule wa kabla yake, sikumbuki vizuri. Besi ni gitaa la besi, Fender Jazz Bass la marehemu mzee wangu. Alipewa na mwenye bendi kufidia mishahara aliyokuwa anamdai, maana enzi zile vyombo vilikuwa mali ya bendi, ukihama unahama na vidole vyako tu, kwa hiyo yeye kutoka na besi lilikuwa jambo kubwa na nyumbani hatukuruhusiwa hata kuligusa.

Tatizo lenyewe dogo. Ukizungusha volyumu linakwaruza, yaani poti, vile vidude vya ndani vya kuongeza na kupunguza sauti, na freti, zile fito za chuma za shingoni, za huku juu zimeliwa, uzi mnene ukiubonyeza unalia zzz. Basi. Nikalipeleka kwenye duka moja la vyombo vya muziki Kariakoo, silitaji, wana fundi wao kule nyuma kila mpiga gitaa anamsifia.

Nimeweka besi mezani, hata sijaongea, ananiambia "Dada, mwenye gitaa yuko wapi nimweleze?" Nikasema mwenyewe ndo mimi. "Hapana, namaanisha anayepiga." Anayepiga ndo mimi. Akamgeukia mwenzake wakacheka. Ningebeba besi langu pale pale niondoke, lakini zile sifa zilinishika miguu, na kitu hicho kinaniuma mpaka leo.

Nikamweleza taratibu kabisa, sawazisha freti, poti usiziguse, zipulizie tu spirei ya kusafishia maana ni vumbi na hewa ya chumvi ya huku kwetu, ndani hazijafa. Akaitikia sawa dada, sawa dada.

Nimerudi baada ya wiki mbili tatu hivi, kile kibati cha kromu kinachofunika poti kimefunguliwa na ndani kaweka poti tatu mpya za redio, za ukinzani wa kilo-omu 10 (10K), wakati hilo linataka 250K, sasa sauti yote ikawa imefunikwa blanketi, ukiingia sebene hamna kinachotoka, bubu. Halafu yale matundu yametobolewa kwa vipimo vya inchi vya Marekani na poti zake ni za milimita, zikawa zinacheza, yeye kazimwagia gundi zitulie! Vitufe vya mzee vya kuzungushia vinabanwa kwa skrubu ndogo ubavuni, vinataka shafti (kile kijiti cha poti) nzima, zake zimepasuliwa katikati, kakaza mpaka kimoja kimeingia ufa. Na ule waya wa ethi unaopita chini ya briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kwa chini, kausahau, linavuma muda wote kama friji bovu.

Nikamuuliza, zile za zamani ziko wapi? "Zile takataka dada, zimeshaenda na taka."

Nieleze kwa nini nililia pale dukani, maana wapo watakaosema poti tu. Poti za zamani za namna ile zimegongwa namba mgongoni. 137 ni kiwanda, CTS, zinazofuata ni mwaka, za mwisho ni wiki. Nilishakifungua kile kibati nyumbani nikasoma 1377327, yaani wiki ya 27 ya mwaka 1973. Mbili zilikuwa na namba hiyo hiyo, ya tatu lehemu ilikuwa imeifunika. Namba hiyo haikwambii gitaa limeundwa wiki hiyo, inakwambia halijaundwa kabla ya hapo, ila sisi ilitutosha, kwa sababu mzee miaka yote alisema besi lake ni la sabini na tatu na wajomba wakimbishia, wanamwambia ni la juzi juzi hilo umeuziwa maneno. Ule ndo ulikuwa ushahidi wake. Picha niliyopiga ina giza, namba zinasomeka nusu.

Sasa kinachonichanganya, freti kazifanya vizuri mno. Sijawahi kuona freti zimesawazishwa hivyo, kidole kinateleza mwanzo mpaka mwisho, hakuna uzi unaolia popote. Ndugu yangu alikuja likizo toka Marekani akaniletea poti za CTS zenye shafti nzima, mzee mmoja fundi redio wa mtaani kwetu akazilehemu na kurudisha ethi, bila maneno mengi, kitu cha kwanza aliniuliza ni "mwanangu, hizi za zamani unazitunza wapi?" Sikuwa na jibu. Besi sasa linanguruma, na kusema kweli raha ninayopata shingoni ni kazi ya yule yule aliyenicheka. Kwa hiyo kama shida yako ni freti nenda, ila poti na pikapu (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi) zifungue kwanza nyumbani uziache huko.

Au hapana. Msiende. Mtu kamwambia usiguse, kagusa, kisha hata pole hajasema, hizo freti atengeneze za kwake.

Na kama kuna mtu anafanya kazi maeneo yale, au anaokota vyuma, akakutana na poti tatu kuukuu zimeandikwa 137 mgongoni, naomba aniambie. Nazinunua hata kama zimekufa.