Navigesheni ya kiwandani kwenye BMW X5 ya 2008: nilichonunua, kilichonisumbua na kilichonifurahisha

Assalaam alaykum ndugu zangu, karibuni garini. Leo naanza na kitufe hiki hapa. Mnakiona? Kimeandikwa NAV. Gari hii ilipotoka kiwandani haikuwa nacho. Nakibonyeza... haya, ramani ya Maskati hiyo, imejaa skrini nzima, na ule mshale ni sisi tulioegesha hapa Wadi Kabir, nje ya gereji.

Hii ni BMW X5 ya mwaka 2008, umbo wanaloliita E70. Ilianza maisha Marekani, ikaletwa Ghuba ikiwa imeshatumika, nami nikainunua Sharjah. Mwenyewe wa mwanzo hakulipia navigesheni. Kwa hiyo nilipoipata ilikuwa na skrini ndogo ya inchi 6.5, redio, kile kirungu cha kuzungusha cha iDrive, yaani mfumo wa BMW wa kuongoza skrini, basi. Na redio yenyewe ilikuwa mtihani. Redio za Marekani huruka masafa kwa hatua kubwa: 88.1, halafu 88.3, halafu 88.5, daima tarakimu ya mwisho ni witiri. Kituo kikiwa 90.4 unakisikia kwa mbali kinakwaruza, ukikifuata unakiruka. Wenye magari ya Marekani hapa Oman wanalijua tatizo hili vizuri.

Najua mtaniuliza kwa nini sikuweka skrini ya Android, maana madukani zimejaa. Nilikuwa nayo kwenye gari yangu ya zamani na sikuichukia. Ila kwenye X5 mfumo wa kiwandani haupigi muziki tu. Mipangilio ya taa, ya milango, tahadhari za injini, hata ule mlio wa kukukumbusha mkanda, vyote vinapita humo. Skrini za nje nyingi hupandishwa juu ya mfumo huo, wa asili ukabaki nyuma yake, nawe dereva ukawa unarukaruka baina ya mabwana wawili. Mimi nilitaka bwana mmoja.

Kwa hiyo nikachagua mtambo wa navigesheni wa BMW wenyewe, unaitwa CIC. BMW walianza kuutumia 2008, na mwaka 2009 ukaingia kwenye X5. Ndani yake mna diski ngumu ya GB 80, ambamo ramani inakaa, kwa hiyo hauhitaji DVD kama mtambo uliotangulia. Unakuja na skrini ya inchi 8.8, na kirungu kipya chenye vitufe saba pembeni. Hivyo vitufe saba ndivyo ninavyovipenda kuliko kitu chochote. Mkono unaviona bila jicho. Nikiwa barabarani natafuta NAV kwa kidole, macho yako mbele.

Vifaa nilivipata kwenye soko la spea zilizotumika Sharjah: mtambo, skrini na kirungu, vyote kutoka X5 moja iliyogongwa. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtambo wa CIC umefungwa na namba ya chesisi ya gari ulimotoka. Ukiutia kwenye gari nyingine unawaka, redio inaweza kuimba, lakini navigesheni inakataa kufunguka. Kinachoifungua ni msimbo wanaouita FSC, nao unatengenezwa kwa namba ya chesisi. BMW hawakufanya hivyo kwa ubahili tu. Mitambo hii inaibwa sana, watu wanavunjiwa vioo usiku kwa ajili yake. Kwa hiyo muulize muuzaji karatasi ya gari iliyovunjwa, linganisha namba ya chesisi na ile iliyo kwenye kibandiko cha mtambo. Hana karatasi, au kibandiko kimebanduliwa? Muage kwa wema, ondoka. Hiyo ni mali ya mtu.

Jengine la kuangalia hapo hapo dukani: omba uwashiwe kwenye betri, ukae nao nusu saa. Diski ngumu ni kitu kinachozunguka, na gari zilizogongwa hukaa uwanjani kwenye jua la Agosti miezi na miezi. Mtambo ukijizima ukajiwasha wenyewe mara mbili tatu, diski inakwenda zake. Usidanganyike na bei.

Sasa, kuufungua kuna njia mbili. Ya kwanza ni kidude kidogo kinachochomekwa kwenye nyaya za mtambo, wanakiita emyuleta. Kazi yake ni kuuambia mtambo kila dakika kwamba bado uko kwenye gari lake la zamani. Ni rahisi, ni cha haraka, fundi anamaliza kabla ya Adhuhuri. Njia ya pili ni fundi kuandika namba ya chesisi ya gari yako ndani ya mtambo na kuupa misimbo yake. Mimi nilichagua ya pili na nililipa zaidi. Siutaki mtambo unaoishi kwa kudanganywa, maana siku kidude kile kikifa, navigesheni nayo imekufa, na fundi atakayekuja kutafuta tatizo hatajua hata kama kipo huko nyuma ya dashibodi.

Kufunga vyenyewe si kazi kubwa. Plagi kubwa ya nyuma inaingia pale pale ilipotoka ya zamani. Kinachoongezwa hasa ni antena ya GPS, ile yenye plagi ya rangi ya buluu. Yangu imewekwa chini ya kifuniko cha dashibodi, juu ya mita, inaangalia mbingu kupitia kioo. Inashika vizuri.

Kilichonitesa ni faiba. Ndugu zangu, ndani ya BMW hii sauti haipiti kwenye waya wa shaba kutoka kifaa hadi kifaa. Inapita kama mwanga mwekundu ndani ya nyuzi nyembamba za plastiki, na nyuzi hizo zimefungwa mduara: kutoka mtambo wa mbele hadi amplifaya huko kwenye buti, hadi kifaa cha redio ya satelaiti ya Marekani, kisha zinarudi mbele. Mwanga ukikatika popote, mduara wote unanyamaza. Na nyuzi hizo hazikunjwi. Kona yake isiwe kali kuliko nusu kipenyo cha milimita 25. Gereji ya kwanza niliyokwenda waliusukuma mtambo ndani kwa nguvu, uzi ukabanwa nyuma. Siku hiyo ulifanya kazi. Kesho yake nikiwa njiani na mama, gari lote kimya: hakuna redio, hakuna simu, hakuna sauti ya navigesheni. Nilirudi, nikaambiwa amplifaya imekufa, ninunue nyingine. Nikakaribia kuinunua! Fundi wa pili, huyu wa hapa Wadi Kabir, alichomoa plagi akatazama tu: mwanga unatoka upande huu, upande wa pili hauonekani. Akabadilisha kipande kile cha uzi, sauti ikarudi. Kwa hiyo sauti ikipotea baada ya kazi hii, anzeni na mwanga kabla hamjatoa pesa ya spea.

Halafu inakuja kodingi, yaani kuliambia gari kwa kompyuta kwamba sasa lina navigesheni, na hapa ndipo moyo ulinienda mbio. Gari lina orodha yake ya vitu lilivyozaliwa navyo. Orodha hiyo imehifadhiwa sehemu mbili: kwenye CAS, inayoshughulika na ufunguo, na kwenye FRM, inayoshughulika na taa na vioo vya madirisha. Fundi anaongeza namba 609, ndiyo navigesheni kubwa, halafu anaziambia sehemu nyingine zijisome upya. FRM ya magari haya ni dhaifu mbele ya umeme mdogo. Betri ikishuka katikati ya kodingi inaweza kufa pale pale, ukabaki na gari lisilowasha taa wala kufunga vioo. Msikubali mtu afanye kodingi bila chaja ya kushikilia betri. Akikwambia betri yako mpya haina haja, chukua ufunguo wako. Fundi wangu aliunganisha chaja kwanza, kompyuta baadaye, na hapo hapo akaibadilisha redio isome masafa ya huku. Ile 90.4 sasa nakaa nayo raha mustarehe.

Inafanyaje kazi barabarani? Niliipima kwa safari: Maskati, Suhar, mpaka wa Khatmat Malaha, Kalba, Fujairah, hadi Khor Fakkan, halafu ile barabara ya mlimani ya kwenda Sharjah iliyofunguliwa 2019. Barabara hiyo ina mahandaki matano, na lile la Sidra lina urefu wa mita 2,700. Humo ndani setelaiti hazionekani. Simu niliyoiegemeza hapa iliganda mlangoni mwa handaki. Mshale wa X5 uliendelea kutembea, ukatoka upande wa pili pamoja nasi. Sababu ni kwamba mtambo unasoma mzunguko wa magurudumu na una jairo ndani yake inayohisi gari likipinda. Haukisii, unahesabu. Na nikimpeleka mama mjini Ibra, tukapita milimani ambako mtandao unakatika, hakuna kinachobadilika, maana ramani yote iko ndani ya diski.

Kasoro ni ramani yenyewe. Niliwekewa ya Mashariki ya Kati, na kuiweka kulichukua zaidi ya saa moja injini ikiwa inanguruma, kisha nikaingiza msimbo wa herufi na tarakimu ishirini kwa kuzungusha kirungu, moja baada ya moja. Maskati ya zamani inaijua vizuri: Matrah, Ruwi, Qurum. Mitaa mipya ya Maabilah imenionyesha niko jangwani. Foleni pia hainionyeshi. Nikienda mahali papya kabisa ndani ya mji bado natumia simu, na sioni aibu kusema hivyo.

Nyinyi mlioko Dar, Mombasa na Unguja, nyinyi mnalijua tatizo hili kwa sura nyingine: gari imetoka Japani, navigesheni ya kiwandani imo, inaongea Kijapani na ramani yake inaishia Japani. Kwenu nasema tafuteni ramani kabla ya mtambo. Kama hamjaiona kwa macho ramani ya mtambo huo ikionyesha mtaa wenu, kwenye gari la mtu mwingine, msinunue hata plagi. Bila ramani mnalipia skrini nzuri tu.

Bei: vifaa vyote vilivyotumika nilinunua kwa rial 150, kufunga na kodingi rial 70, msimbo na ramani rial 45. Gereji ya kwanza siihesabu. Kwa gari ninayoipenda na ninayokusudia kukaa nayo miaka mitano, ningelipa tena leo. Kwa gari ninayotaka kuiuza mwakani nisingelipa, kwa sababu mnunuzi wa X5 ya 2008 anauliza injini inavuja mafuta au haivuji, hakuulizi kuhusu ramani.

Mkiona mtambo wenu umeganda baada ya kufungwa, msikimbilie gereji. Bonyezeni kitufe cha sauti mkishikilie sekunde thelathini hivi, hivi ninavyofanya... tazameni skrini... imezima... subirini... nembo hiyo, imerudi.