Datsun 240Z: Tathmini Baada ya Kulifufua

Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, bado linastahili jasho la anayelifufua. Injini yake ya silinda sita, lita 2.4, ni imara. Kazi ngumu ni bodi, kwani kutu hujificha chini ya betri na sakafuni, na kwenye langu bisibisi ilipenya bati kama karatasi. Kusawazisha kabureta mbili, vifaa vinavyochanganya hewa na petroli, kulitushinda hadi mwenzetu mwenye gari kama hili alipoweka ncha moja ya bomba la mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mvumo wa hewa, akageuza skrubu kidogo kidogo mpaka injini ikatulia. Usukani ni mzito mjini, lakini tunapofuatana magari manne alfajiri kuelekea Naivasha, sijapata kuendesha gari linalonifurahisha zaidi.