CAKE ya Linux: inafaa sana nyumbani, ila uipe namba sahihi

Laini ya Mbps 10 inaweza kukatisha simu ya video mara tu mtu mwingine nyumbani anapoanza kupakia picha. Kasi ipo, shida ni foleni. Modemu yenye bafa (hifadhi ya muda ya data inayosubiri kutoka) ya KB 256 kwenye laini inayopakia kwa Mbps 1 hujaza data ya sekunde 2 nzima, na sauti yako inasubiri nyuma ya hizo picha.

CAKE, programu ya kupanga foleni hizo, iliyoingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) mwaka 2018 (toleo 4.19), ndiyo tunayoipendekeza kwanza kwa ruta ya nyumbani. Msingi wake ni fq_codel, mpangaji foleni wa awali aliyeandikwa na Eric Dumazet akaingia toleo 3.5 mwaka 2012: kila mtiririko una foleni yake, na pakiti (vipande vya data) zikizidi kusubiri milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, baadhi hutupwa ili mtumaji apunguze mwendo. CAKE imeongeza kikomo cha kasi na mgao sawa kati ya vifaa. Yote ni programu huria, hulipii chochote.

Kwenye OpenWrt, mfumo huria wa ruta unaotumia Linux, sakinisha `luci-app-sqm`, uchague `cake` na `piece_of_cake.qos`. Kwenye Linux ya kawaida, kama umepima upakiaji ukapata Mbps 10:

`tc qdisc replace dev eth0 root cake bandwidth 9mbit nat`

Hiyo 9 ndiyo roho ya kazi. Foleni lazima ijengeke kwako, isijengeke kwenye modemu, kwa hiyo unatoa sadaka ya kasi kidogo, asilimia 5 hadi 15. Neno `nat` nalo watu hulisahau. Bila hilo CAKE inaona anwani moja tu ya ruta, na mgao kati ya vifaa unakufa kimyakimya. Amri hii inashika pakiti zinazotoka tu. Zinazoingia zinahitaji kiolesura bandia cha `ifb`, na SQM (ile `luci-app-sqm` ya OpenWrt) hukutengenezea yenyewe.

Sasa jaza laini huku `ping` ikiendelea, kisha angalia `tc -s qdisc show dev eth0`. Ping ikipanda ilhali `av_delay` (wastani wa kusubiri) iko chini na `drops` (pakiti zilizotupwa) hazisogei, foleni bado iko kwa modemu: shusha namba. Ikibaki vilevile hata baada ya kushusha, tazama kama "Hardware flow offloading" imewashwa. Hapo pakiti zinapita kwenye chipu bila CAKE kuziona.

Udhaifu wake upo. Kikomo cha kasi kinakula prosesa, na ruta ndogo huchoka kabla laini haijafika kasi yake. Kwenye `top`, `sirq` (sehemu ya prosesa inayotumika kushughulikia pakiti) ikikaribia asilimia 100, rudi kwa fq_codel na `simple.qos`. ADSL (intaneti ya waya wa simu) inayosafirisha data kwa seli za ATM inahitaji neno `atm`, kwa sababu kila seli ya baiti 53 hubeba 48 tu. Na laini ya 4G, ambayo kasi yake hupanda na kushuka kila dakika, haifai namba moja: ukiweka ya juu foleni inarudi, ukiweka ya chini unapoteza kasi uliyoilipia.

Seva zako nyingi zikiwa ng'ambo ya bahari na upakuaji mmoja ukizubaa, jaribu kuongeza neno `oceanic` kwenye amri, linalohesabu safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 300 badala ya 100. Lipo hata `interplanetary`. Hilo waachie wanaanga.