Warsha ya densiti kwa watoto, Bukavu: uzoefu wangu

Binti yangu ana miaka 9. Nilimwandikisha kwenye warsha ya sayansi huku Ibanda, Jumamosi mbili kwa dola 10, nikidhani watakaririshwa ubaoni kama tulivyokaririshwa sisi.

Haikuwa hivyo. Watoto watatu watatu walipewa vikombe vya maji yanayofanana kabisa machoni, chumvi imetiwa kwa vipimo tofauti, na kuonja ni marufuku. Kazi: tengenezeni kifaa cha kutuambia maji yapi yana densiti kubwa, yaani uzito mkubwa zaidi kwa ujazo ule ule. Vifaa ni mirija ya soda, udongo wa mfinyanzi na misumari midogo.

Mrija wa kwanza wa binti yangu ulilala ubavu. Akaongeza misumari mitatu, ukazama hadi chini. Akatoa miwili, ukasimama wima, akauchora alama ya kalamu pale maji yalipofikia. Kwenye kikombe chenye chumvi nyingi ile alama ilipanda juu ya maji karibu upana wa kidole. Mwalimu hakugusa mrija wa mtoto yeyote, aliuliza tu: «Sasa utabadilisha nini?» Kwa hilo peke yake nilipe tena.

Lawama yangu ni mawese, ambayo nayo walipewa kupima kwa mrija. Asubuhi ya Bukavu ina baridi, mawese yalikuwa yameganda nusu, na mrija ukasimama humo kama kijiko kwenye bugali. Watoto wakaandika kwamba mawese ni mazito kuliko maji, muda ukaisha, wakarudi nyumbani na kosa hilo. Tena lugha yetu yenyewe inatega: uji ni mzito, jiwe ni zito, neno moja kwa mambo mawili. Mwalimu angelitenganisha mapema. Nyumbani tuliyapasha mawese kidogo kwenye moto wa makala, tukayaacha yapoe bila kuganda, na mrija ukazama zaidi kuliko ndani ya maji. Ndipo akaelewa kwa nini mafuta huelea juu ya mchuzi.

Jumamosi ya pili ilikuwa tamu zaidi. Walimimina maji matamu polepole, kwa mgongo wa kijiko, juu ya maji ya chumvi yaliyotiwa rangi, na hayakuchanganyika. Mwalimu akawaeleza kwamba Ziwa Kivu, lenye kina cha zaidi ya mita 450, limejipanga hivyo hivyo: maji ya chini yana chumvichumvi na gesi ya kabonidioksidi iliyoyeyuka, ni mazito, hayapandi, na gesi ya metani inabaki imefungiwa humo. Tuliporudi tukipita kando ya ziwa, binti yangu alisimama akalitazama muda mrefu.

«Papa, mrija wangu ungesimamaje kule chini kabisa?»

Mdogo wake nimemwandikia nafasi ya awamu ijayo. Nimewaomba wapashe mawese kwanza.